Tusivichome Vifaru vya Watoto

Imezuka rai miongoni mwetu walimu wa huku Munkunyu, na nasikia imekwisha kufika Bwera na Kasese mjini, ya kwamba magari ya kuchezea ambayo wavulana wetu huyageuza yakawa magari ya vita yanyang'anywe kila yanapoonekana, kisha yachomwe moto mbele ya wanafunzi wote. Walioitoa rai hiyo ni watu ninaowaheshimu, na wengine wamenitangulia kazini kwa miaka mingi. Naipinga hata hivyo, na naipinga kama mwalimu wa Kiswahili, kwa kuwa kitakachoungua katika moto huo ni mali ya somo letu kuliko ya somo lingine lolote.

Msomaji aliye mbali yafaa aelezwe kwanza ni kitu gani kinachogombewa. Katika masoko ya barabara hii itokayo Kasese kwenda Mpondwe huuzwa magari madogo ya plastiki, bidhaa hafifu sana: bodi nyembamba kama ganda la yai, magurudumu manne yaliyopachikwa katika vijiti viwili vya waya, na karatasi ya kunata iliyochorwa taa. Hayadumu. Gurudumu moja likichomoka, mtoto wa mjini hulitupa gari. Mtoto wa huku kwetu hapo ndipo anapoanza kazi. Hupasha msumari moto akatoboa paa. Juu ya tundu hilo hukaza kizibo cha chupa ya soda kiwe tureti, yaani kile kichwa cha kifaru kinachozunguka, na ubavuni mwa kizibo hupitisha bomba la kalamu ya biro iliyokwisha wino, ndio mtutu. Mbavuni mwa gari hubandika vipande vya boksi kwa gundi ya muhogo, tabaka juu ya tabaka, viwe deraya. Magurudumu yaliyopotea hukatwa upya kutoka katika ndala kuukuu. Mwishowe gari zima hupakwa masizi yaliyokorogwa na ile gundi, likapoteza wekundu wake wa sokoni na kupata sura ya kitu kilichotoka safari ndefu. Nimepata kuona lori la namna hiyo ambalo tureti yake ilizunguka pande zote bila kukwama, na fundi wake alikuwa wa darasa la tano.

Askari hufinyangwa kwa udongo, na hapo huingia hesabu. Gari la sokoni halifuati uwiano wowote. Pikipiki hulingana na lori, na basi huwa fupi kuliko teksi. Fundi akimsimamisha askari wake kando ya gari huona mara moja kwamba mlango unamfika magotini. Basi ama ampunguze askari, ama aligeuze gari liwe la aina nyingine, kubwa zaidi kuliko lilivyokusudiwa na kiwanda. Wavulana wetu hubishana juu ya jambo hili kwa ukali ambao sijawahi kuushuhudia katika kipindi cha hisabati.

Wasidhani wenzangu kwamba huu ni ushamba wa Munkunyu. Wako watu wazima wenye kazi zao na familia zao, huko Uingereza, Marekani na kwingineko, ambao hununua vigari vya bei ndogo vya Matchbox na Hot Wheels, wakavivua rangi, wakavikata, wakavitia deraya ya kadi na silaha za kujitengenezea, kisha wakavipanga mezani pamoja na visanamu vya askari na kupigana kwa dadu na futi ya kupimia. Nao wana ubishi uleule wa uwiano. Kwa askari wa milimita 28 wengi wao hupendelea uwiano wa 1 kwa 56, ambao kwa huo gari la kweli lenye urefu wa mita 5 huwa la sentimita 9 hivi. Mwandishi H. G. Wells aliandika kitabu kizima cha kanuni za mchezo huo, Little Wars, mwaka 1913, na ndani yake alishikilia kwamba vita vidogo vya sakafuni vina akili kuliko vita vikubwa. Mwaka uliofuata vita vikubwa vilianza. Haifai pia kuficha upande wa pili: karibu karne moja kabla ya Wells, mwaka 1824, jeshi la Prusia lilipokea mchezo wa ramani na vipande vya kusogezwa ili kuwafundisha maofisa wake, na majeshi mengine yakauiga baadaye. Mchezo huu, basi, una wazazi wawili, mmoja mpenda amani na mmoja mwanajeshi. Wanaoupinga humtaja huyo wa pili tu.

Sasa na tuje kwenye lugha. Naomba mwenzangu yeyote anayetaka kuchoma asimame kwanza nyuma ya ukuta wa darasa wakati wa mapumziko na kusikiliza. Watoto wale nyumbani husema Lukonzo, na darasani hulazimishwa Kiingereza. Lori likiwa bado lori la pamba, huendeshwa kwa Lukonzo. Mara tu linapowekwa mtutu, ulimi hugeuka: "Simama! Lala chini! Mikono juu! Toka nje! Leta kitambulisho!" Ni Kiswahili kitupu, tena kilichotamkwa sawasawa. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Wamekipata kwa baba zao na babu zao, ambao walikipata barabarani.

Historia yake tunaijua. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, kilifanya Kiswahili kuwa lugha ya amri, na tangu hapo mwananchi wa Uganda alikutana na Kiswahili kikiwa kimevaa buti. Idi Amin, ambaye mwenyewe alilelewa na kikosi hicho, alitangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Wazazi wetu wakasikia tangazo hilo kutoka katika kinywa kilekile kilichowatia hofu kwenye vizuizi vya barabarani. Aprili 1979 Kampala ilipochukuliwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, aliyekuwa akifukuzwa alisema Kiswahili na aliyemfukuza alisema Kiswahili. Masikioni mwa mwanakijiji tofauti ilikuwa ndogo. Ni kweli kwamba sisi wa mpakani tunacho pia Kiswahili cha biashara, kinachovuka daraja kutoka Kasindi, Beni na Butembo pamoja na magunia na vitenge, nacho ni kipole na chenye mzaha. Lakini mtoto hukiona hicho kuwa cha mama sokoni. Anapotaka kuwa mwanamume mwenye nguvu, hukimbilia kile cha buti.

Wenzangu wakisikia haya hudhani nimewapa hoja. Husema: "Kama gari hilo ndilo linalowafundisha Kiswahili cha kutisha, si ndiyo sababu ya kulichoma?" La hasha. Gari halikuwafundisha, gari linatuonyesha tu walichokwisha kufundishwa. Tena tujiulize tunawapa nini badala yake. Ingia katika darasa letu la kawaida la Kiswahili uhesabu vitenzi vinavyotoka kinywani mwa mwalimu katika nusu saa ya kwanza. Kaa. Nyamaza. Fungua kitabu. Andika. Simama. Rudia. Ni hali ya kuamuru mwanzo hadi mwisho, na sioni tofauti yake na kizuizi cha barabarani ila chaki.

Hati za kukitukuza Kiswahili hatuna upungufu nazo. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima tangu shule ya msingi. Yote haya ni mema. Lakini wasemaji wa hiari, watoto wanaokisema bila kuamriwa na bila alama ya mtihani, tunao wapi? Tunao pale nyuma ya ukuta, wamepiga magoti vumbini kando ya lori la masizi. Ndipo mahali ambapo wenzangu wanataka kupeleka kiberiti.

Nitatoa mfano mmoja wa sarufi, kwa kuwa ni mfano ulionishawishi kuliko hoja zote za siasa. Kifaru ni mnyama, na kifaru ni chombo cha vita. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe: kifaru amelala, kifaru yule mkubwa. Chombo hufuata umbo la jina lake: kifaru kimelala, kifaru kile kikubwa. Kadhalika mamba, ambalo ni jina la mnyama wa mtoni na pia ndilo jina ambalo Waganda hulitumia kwa gari fulani la deraya la jeshi: mamba amekuja, mbio zetu ziwe za kwenda mbali na maji, mamba imekuja, ni mbio za aina nyingine. Nimefundisha ngeli kwa miaka mingi kwa majedwali ubaoni, na matunda yake mnayajua, maana Kiswahili cha huku hupenda kusawazisha kila kitu kikawa "iko" na "ile". Lakini mtoto mwenye kifaru mkononi ana sababu ya kutofautisha. Akisema "kifaru amelipuka", wenzake humcheka: ni mnyama gani huyo aliyekula bomu? Hawahitaji jedwali. Na ukiwaambia kwamba mzinga wanaoutengeneza kwa bomba la biro una jina moja na mzinga wa nyuki unaotundikwa mtini, watageuza lile gogo lenye uvungu kichwani mwao na kuona wenyewe jinsi jina linavyoweza kusafiri kutoka kwenye asali hadi kwenye baruti.

Jambo la pili ni kanuni. Mchezo wa kukimbizana kwa bunduki za miti hauna kanuni ila kelele: "Nimekupiga!" "Hukunipiga!" Mchezo wa magari mezani hauwezi kuchezwa bila sheria zilizokubaliwa na, kwa maoni yangu, zilizoandikwa. Na sheria hizo zote ni sentensi za masharti. Gari likiwa barabarani huenda shibiri tatu. Likiingia matopeni huenda shibiri moja. Likipoteza gurudumu halitasogea mpaka fundi alifikie. Dadu ikionyesha sita, daraja limevunjika. Mchezo ukiisha, ubishi wake huendelea kwa -ngali- ambayo mitihani yetu huililia: "Lingalipita juu kwa juu, lisingalinasa mtoni." Waliowahi kujaribu kufundisha -ki-, -nge- na -ngali- kwa sentensi za kubuni juu ya Juma na mvua wataelewa kwa nini naona hapa hazina. Anayezijua sheria kuliko wote huwa mwamuzi, na si lazima awe na gari. Kikundi ninachokijua mimi kilimkubali msichana mmoja kwa kazi hiyo, kwa sababu hakuna aliyeweza kumshinda kwa kuisoma sheria ilivyoandikwa.

Najua hoja iliyo nzito kuliko zote, na sitaikwepa. Wenzangu wananiambia: unathubutu vipi kuongea juu ya vifaru vya plastiki katika wilaya hii? Kiini cha harakati za Rwenzururu, kuanzia mwaka 1962 hadi 1982, kilikuwa katika milima hii tunayoiona kutoka madirishani mwa madarasa yetu. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka Mpondwe. Tarehe 8 Juni 1998 waliwachoma wanafunzi wakiwa mabwenini mwao katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, upande wa Kabarole. Novemba 2016 damu ilimwagika Kasese mjini. Na Juni 2023, hapo Lhubiriha, mwendo mfupi kutoka mpaka, usiku mmoja uliua watu zaidi ya 40, walio wengi wakiwa wanafunzi wa sekondari. Tuna watoto madarasani ambao wamezika ndugu. Kwa watoto hawa, wanasema, vita visiwe mchezo.

Naikubali huzuni yao wala siwezi kuipima. Bali hitimisho lao silikubali. Mtoto aliyeona au kusikia mambo hayo hangojei ruhusa yetu ili ayacheze. Atayacheza kwa kijiti, kwa jiwe, au kwa kichwa chake usiku. Swali lililobaki mikononi mwetu ni kama atayacheza peke yake kwa maneno matano ya amri, au mbele ya mtu mzima kwa lugha iliyotimia. Naye anayeona gari lake, kazi ya mikono yake ya wiki mbili, likiteketezwa na mwenye mamlaka mbele ya umati, nahofia kwamba amefundishwa somo lilelile tulilotaka kumwepusha nalo. (Moshi wa plastiki, kwa njia, si wa kuvuta mtu yeyote, sembuse shule nzima.)

Wala sisemi kila mchezo uruhusiwe. Bunduki ya plastiki inayoelekezwa usoni mwa mwenzio siitetei. Hiyo haina ufundi ndani yake wala kanuni, na wazazi wanaoinunua siku ya Krismasi ndio walewale wanaotuletea malalamiko Februari. Ninayoitetea ni kazi ya kugeuza: mtoto kuchukua kitu hafifu kilichotengenezwa bila kumfikiria na kukifanya kuwa chake. Na kwa meza yenyewe naweka masharti. Mchezo usiigize shambulio lililotokea huku kwetu. Shule, hospitali na nyumba ya ibada zisiwe shabaha. Mwenye kuweka askari mezani aweke pia raia, na adui akizingirwa apewe nafasi ya kujisalimisha.

Sharti hili la mwisho lilinifumbua macho. Nilipouliza katika kikundi kimoja mateka wao wanawekwa wapi, hawakunielewa. Hawakuwa na neno hilo, kwa sababu Kiswahili walichorithi kutoka vizuizini hakikuwa nalo. Wanalijua "teka" la maji kisimani. Hawakujua kwamba mtu naye huweza kutekwa na kubaki hai, mwenye haki ya kulishwa na kutibiwa, kama yanavyotaka Makubaliano ya Geneva ya mwaka 1949. Siku ile walijifunza mateka, majeruhi, raia na kusalimu amri, na mezani ikaongezwa zizi la vijiti la kuwaweka waliotekwa. Aniambie mwenzangu ni somo gani la uraia lingeyafikisha maneno hayo manne mahali hapo kwa nusu saa.

Tena, tukidai kwamba mchezo wa vita ni wa kigeni kwa utamaduni wa Kiswahili tutakuwa tumejisahau. Bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, linahesabu na kula na kubana nyumba ya mwenzio, na omweso wa Uganda ni ndugu yake wa damu. Pwani, tangu mwishoni mwa karne ya 19, vikundi vya ngoma ya beni vilichukua gwaride, vyeo, sare na tarumbeta za majeshi ya kikoloni vikavigeuza kuwa mashindano ya mtaa na mtaa, Marini kwa Arinoti, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari wakaisambaza ngoma hiyo bara hadi Nyasaland na Kongo. Wakoloni waliiangalia kwa wasiwasi, na wamisionari wakaiona upuuzi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, na leo tunaisoma kama ushahidi wa akili ya watu waliopewa buti wakalichezesha. Kama walimu wa wakati ule wangalikuwa na uwezo wa kuichoma, naamini baadhi yao wangaliichoma.

Nasikia pia sauti nyingine, ya chini kidogo, isemayo kwamba mwalimu wa lugha hana kazi na misumari na gundi. Hiyo ni ya mwalimu wa ufundi. Lakini msamiati wa ufundi tunaulilia kila mwaka katika mikutano yetu. Wavulana wangu husema bodi, springi, stelingi, ekseli. Nikawapa usukani nao wakaupokea bila taabu, kwa sababu ulikuwa mfupi kutamka na wenye heshima. Kwa tureti sina neno bora la kuwapa. Mmoja alipendekeza "kilemba", kwa kuwa kinakaa kichwani na kinazungushwa. Nimelitafutia kasoro neno hilo kwa muda mrefu nikakosa. Kama mwenzangu wa Zanzibar au Mombasa analo lingine, ukurasa huu uko wazi.

Kwa hiyo magari yaliyokwisha kunyang'anywa na kufungiwa makabatini yarudishwe kwa wenyewe kabla ya muhula kwisha, pamoja na vizibo vyake, kwa sababu kizibo kikipotea tureti haipatikani tena kirahisi. Nami muhula ujao, siku ya Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, nitaweka meza mbili chini ya mwembe kwa yeyote atakayekuja na gari lake na sheria moja iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye "-ki-" ndani yake. Walimu walio karibu wanaombwa wasitupe kalamu za biro zilizokwisha wino. Zile za bluu zenye bomba jembamba ndizo zinazotakiwa zaidi. Nene hupasua kizibo.